Kigoda Kilichoshuka Mteremko

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu cha kupogolea, ufito wa kupimia na viatu vya mpira vilivyonipwaya. Ilikuwa upande wa Kenyenya, muda mfupi baada ya Uhuru, na aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Tarafa, mzee mkavu aliyezoea kusema huku anatembea. Nilidhani tungeketi kwanza anieleze kazi. Hakuketi. Alishika njia ya bondeni nami nikamfuata mbio, kijana mwembamba niliyeweza kupeperushwa na upepo.

"Hapa kwetu shamba ni kama mkanda," alisema bila kugeuka. "Linaanzia barabarani juu ya kilima, linaishia mtoni. Mkulima atakuonyesha chai ya juu, maana ndiyo nzuri. Wewe shuka mpaka chini kabisa. Mambo yaliyoharibika yako huko."

Nyinyi mnaochuma chai siku hizi mnaiona kama kitu kilichokuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Wakati ule ilikuwa ngeni kwa mkulima mdogo. Wazee walijua wimbi, ndizi na pareto. Kazi yetu, sisi tulioitwa walimu wa chai, ilikuwa kufundisha shambani, mikono ikiwa na udongo. Mche ulikuja kama kisiki, yaani umekatwa juu ukabaki mzizi na kijiti. Ukishashika, tulilaza matawi yake kwa vigingi ili mti utanuke badala ya kurefuka, kisha tukakata ncha kidogo kidogo kwa kufuata ufito, mpaka uso wa shamba ukawa sawa. Uso huo ndio meza ya kuchumia. Mkulima mwenye haraka alikata kwa pupa siku moja, akaishia na miti inayolia utomvu na kugoma kuchipua. Nilikuwa nikiwakemea sana watu wa namna hiyo, na kumbe mimi mwenyewe nilikuwa njiani kufanya vivyo hivyo kwa mwili wangu.

Kutoka Kenyenya nilihamishiwa Keumbu, nikapewa baiskeli. Kutoka Keumbu nikapelekwa Nyamira, nikapewa pikipiki, na hapo ndipo kitambi kiliponipata.

Msinicheke kabla hamjasikia. Katika nyumba zetu, mgeni anayeondoka bila kula ametukana mkono uliompikia. Asubuhi mke wangu Moraa alinipa uji na ndizi za kuchemsha. Shamba la kwanza nilikuta ugali wa wimbi na mboga chungu za chinsaga. La pili, maziwa lala. La tatu, ugali tena, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akihesabu matonge yangu kwa macho. Zamani miguu ilikuwa ikichoma vyakula hivyo vyote njiani. Sasa pikipiki ndiyo iliyotembea, mimi nikakaa. Na watu walinisifu! "Mwalimu sasa amekuwa mtu," walisema, wakinigusa tumbo kama wanapima gunia. Moraa alitembea kanisani kifua mbele siku ya Sabato, kwa sababu mume mnene ni sifa ya mke. Nami nilifurahi, sitaki kuwadanganya. Nilipigwa picha mjini Kisii nikiwa nimesimama upande ili tumbo lionekane vizuri.

Shida ilikuwa mteremko. Kushuka niliweza, kupanda ndiko kulikonitoa jasho na kuniacha nahema kama mvukuto wa mhunzi. Nikaanza kuwaita wakulima waje barabarani. Siku moja Afisa wa Chai wa Wilaya, mtu mrefu asiyepoteza maneno, alinikuta nimeketi juu ya pikipiki, nimeweka viganja mdomoni, nampigia kelele mkulima aliyekuwa chini bondeni.

"Ombati," aliniita, "unamfundisha kwa simu?"

Nilishuka kwenye pikipiki, naye akaendelea.

"Msimu wa kupogoa ukifika nitarudi. Tutachagua shamba moja, tushuke pamoja hadi mtoni, tupande bila kuketi. Ukishindwa, kuna kiti ghalani Kisii mjini. Utahesabu magunia ya mbolea mpaka ustaafu."

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa zawadi. Mimi niliona kaburi. Sikuwa na kitu kingine nilichokipenda kama kumwona mama akichuma jani lake la kwanza, majani mawili na chipukizi, akiligeuzageuza kiganjani kama haamini limetoka kwenye kile kijiti nilichompa. Kunifungia ghalani kungekuwa kuniua polepole. Usingizi uliniruka.

Basi asubuhi iliyofuata nikafanya lile nililowakataza wakulima wote. Nilikwenda shamba lenye mteremko mkali kuliko yote, la Omong'ina Kerubo. Omong'ina ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Niliacha pikipiki barabarani, nikashuka mbio hadi mtoni na kuanza kupanda mbio vilevile. Nilifika katikati. Dunia ikazunguka, nikalala baina ya mistari ya chai, uso juu.

Wachumaji walinikuta hapo. Vijana wakakata miti wakafunga machela, kama wanavyombeba mgonjwa mahututi, wakaniinua wakinung'unika juu ya uzito. Nilitaka kusema niko hai, ila pumzi haikutosha maneno. Mama mmoja ng'ambo ya bonde aliona machela, akaona miguu inayoning'inia, akapiga yowe la msiba. Wa kilima cha pili akalipokea. Tulipofika barabarani, msiba wangu ulikuwa umeshatangulia, na Moraa alikuja anakimbia bila kitambaa kichwani, nyuma yake akina mama wa kanisa wanalia. Niliketi juu ya machela nikasema, "Bwakire," yaani habari za asubuhi. Wawili walikimbia.

Hospitalini daktari alinipima presha, kisha akasema moyo wangu unabeba watu wawili na mmoja lazima ateremke. "Tembea," akasema. "Lakini usishindane na kilima. Ongeza kidogo kila wiki." Rahisi kusema. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa kabisa, maana wilaya nzima ilikuwa ikinicheka, na msimu wa kupogoa ulikuwa unakuja.

Wiki iliyofuata nilipita kwa Omong'ina Kerubo kumshukuru tu. Nilitarajia kigoda nyumbani, barabarani kabisa, pale alipozoea kuniketisha. Hakikuwepo. Kilikuwa chini kidogo, mwisho wa migomba, hapo chai inapoanza, na kando yake kibuyu cha uji wa wimbi uliochachuka.

"Omong'ina, mbona umeniwekea kiti porini?"

"Mgeni huketi alipowekewa," alisema. "Au mwalimu sasa anachagua?"

Nikashuka, nikaketi, nikanywa, nikapanda polepole. Sikuhema sana. Wiki iliyofuata kigoda kilikuwa kimeshuka tena, mistari michache ya chai. Nilifika. Juma lingine, kimeshuka tena. Hakuwahi kunieleza anafanya nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nafundishwa. Ila hamu yangu yote ya wiki ilihamia kwenye swali moja dogo: leo ameweka wapi? Jioni nikiwa nyumbani nilijikuta nacheka peke yangu nikiwaza kile kiti. Nilianza kuacha pikipiki kwenye mashamba mengine pia, kwanza yale ya tambarare, halafu yale yenye mteremko kidogo. Na wenyeji walipotaka kunipa ugali, nilisema, "Nipe uji kidogo niunywe huko chini, huku unanionyesha chai." Hakuna aliyetukanwa. Mkono uliopika umepokewa, na tumbo limepumzika.

Nguo zikaanza kunipwaya. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari. Mnadhani watu walishangilia? Siku moja shemeji zangu wawili, kaka zake Moraa, walikuja nyumbani na nyuso za matanga. Mkubwa akakohoa.

"Shemeji, tumesikia unatembea kwa miguu. Umenyang'anywa pikipiki?"

"Hapana. Ile pale nje."

"Na umekonda. Kama una ugonjwa, sema. Kama ni dada yetu anakunyima chakula, sema pia, tutaongea naye hapa hapa."

Moraa alikuwa jikoni anasikia. Walipoondoka alikaa kwenye kizingiti akalia. "Kanisani wananiuliza nakulisha nini," aliniambia. "Nilikuwa mke wa mtu mnene, mwenye afya. Sasa wananitazama kama mchawi. Unapungua wewe, aibu naibeba mimi." Nilimpenda sana siku ile. Nusura niache. Kweli niliacha, majuma kadhaa. Ulikuwa msimu wa harusi, nyama kila mahali, nami nilikula mpaka Moraa akaanza kutabasamu tena, na pikipiki ikarudi kunibeba.

Niliporudi kwa Omong'ina Kerubo nilikwenda kwa aibu. Nilikuwa nimeshafika karibu na mto, na nilijua sasa sitaweza. Nikatazama chini. Kigoda hakikuwa karibu na mto. Alikuwa amekipandisha mpaka katikati ya shamba.

"Nani alikwambia nimeacha?"

"Ngurumo ya pikipiki," alisema. "Tuanzie hapa leo. Mtu aliyetoka kuugua hatumpi jembe siku hiyo hiyo." Kisha akaangalia nyuma yangu. "Na mke wako mbona humleti? Au unakonda kwa siri?"

Jumapili nilimleta. Kulikuwa na vigoda viwili. Wale wanawake walizungumza mambo yao kwa muda mrefu, mimi nikiwa nakagua chai, na sikusikia yote. Nilisikia tu Omong'ina akisema, "Mume wangu alikuwa mnene, binti yangu. Watu walinisifu mpaka siku ya kumzika."  Wakati wa kupanda Moraa alitangulia, akageuka mara kwa mara kunitazama. Sabato iliyofuata mama mmoja alipomuuliza ananilisha nini, alijibu kwa sauti ya kusikika benchi zote: "Namlisha kilima." Hakuna aliyemuuliza tena.

Msimu wa kupogoa ukafika, na Afisa wa Chai wa Wilaya akaja kama alivyoahidi. Bila shaka alichagua shamba lile nilikobebwa kwa machela. Nilikuwa na hofu. Tulishuka nikimweleza kila tulichokiona: mti huu upogolewe juu kidogo ya jeraha la zamani, ule una kuvu mizizini ung'olewe na kuchomwa, hapa maji yanakaa, ichimbwe mitaro. Kwenye mto kulikuwa na vigoda viwili na kibuyu. Tukanywa. Kisha tukapanda. Nilikwenda taratibu, hatua ya mtu anayekwenda mbali, na sikusimama. Karibu na migomba nilisikia nyuma yangu pumzi nzito. Nikageuka. Afisa alikuwa ameshika mti wa chai, shati limeloa.

"Ombati," akasema alipopata sauti, "ulianza vipi?"

Nikamwonyesha pale kigoda cha kwanza kilipokuwa. "Pale, bwana. Ni hatua chache tu kutoka barabarani."

Alitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Ghala litafutiwe mtu mwingine," akasema.

Baadaye nilirudishwa Kenyenya, mara hii nikiwa Msimamizi wa Tarafa, nami nikawapokea vijana wembamba kwa kutembea huku nasema. Wachache walinichukia, wengi walizoea. Nilikuwa huko Omong'ina Kerubo alipofariki. Mazishini, kabla ya kula, nilishuka shamba lake peke yangu hadi mtoni nikapanda. Nilipofika juu mkaza mwanawe alikuwa akinisubiri na kile kigoda mkononi. "Mama alisema hiki ni cha mwalimu," aliniambia. Nililia mbele za watu.

Nilistaafu nikiwa na miguu yangu mwenyewe, mkanda wangu bado kwenye tundu la msumari. Vijana huniuliza siri, wanataka waambiwe dawa au mwujiza wa mwezi mmoja. Mimi sina. Nilichonacho ni mtu aliyejua naweza kufika wapi leo, akaniwekea uji pale pale, na siku niliyoteleza akakisogeza kiti juu bila kunidharau. Mtafuteni mtu wa namna hiyo. Mkimkosa, muwe hivyo kwa mwingine.

Mwaka jana mguu wangu wa kushoto ulipooza. Nilirudi kutoka hospitali nikiwa wa kubebwa, na kwa majuma nilikaa kitandani nikiamini safari zangu zimekwisha. Halafu asubuhi moja uji haukuja. Nilimwita Moraa, akajibu kutoka nje. Nikajikokota na fimbo mpaka mlangoni. Kigoda cha Omong'ina Kerubo kilikuwa hatua chache tu kutoka kizingitini, na kikombe kinafuka juu yake.

Juzi kilikuwa chini ya mparachichi. Leo hakipo hapo. Nimechungulia dirishani nikakiona mbali kidogo, pale chai yetu inapoanza, na Moraa amesimama kando yake amekunja mikono. Naweka kalamu chini. Uji unapoa.