Mahali Patulivu pa Asukile

Asukile wa Masoko, kule chini ya Tukuyu, alikuwa na mikono ya kazi na moyo wa wivu, na vyote viwili havikujua kupumzika. Mikono ilimpeleka Rhodesia ya Kaskazini kuchimba shaba, akarudi na baiskeli, koti zito na sifa ya mtu asiyelewa. Wivu ulimwanza siku alipomwoa Damari. Alimwonea wivu mwalimu wa kwaya kwa kusema Damari ana sauti. Alimwonea wivu muuza chumvi, mzee asiye na jino hata moja, kwa kumwongezea Damari kijiko. Siku moja Damari alitabasamu peke yake akimenya ndizi, na Asukile akataka kujua anamtabasamia nani. Alipoambiwa hakuna mtu, alikasirika zaidi, maana mtu asiyekuwapo huwezi kumfuata kwake ukamwonya.

Mwaka 1955 alikuja likizo kumchukua mkewe. Wakati ule machimboni wenye wake walikuwa wakipewa nyumba za matofali, na vijana wa Unyakyusa walikuwa wamejipanga huko kama walivyojipanga nyumbani, rika moja katika mstari mmoja. Kwao mwanamume hajengi ubavuni mwa baba yake. Hujenga na wenzake aliochunga nao ng'ombe, ili wale pamoja, wanywe pamoja, na siku ikifika wazikane. Raha hiyo wanaiita ukwangala, na mtu anayeikimbia hutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Rika la Asukile lilikuwa limeshamwekea nyumba. Kushoto angekaa Mika na mkewe, kulia Isakwisa na mke wake.

Isakwisa ndiye aliyekuwa mwiba. Alikuwa mtu mwema kabisa, na wema huo ndio uliomchoma Asukile rohoni. Siku ya harusi aliigiza jinsi bwana harusi anavyotembea akiwa amevaa viatu vipya, na bibi harusi akacheka mpaka akashika nguzo asianguke. Asukile hakuwahi kumchekesha Damari hivyo, wala hakujua inafanywaje. Tangu siku ile kicheko kile kilikaa masikioni mwake. Alishuka nacho mgodini, akapanda nacho.

Basi akawaambia watu wote kwamba yeye machimboni hapataki. Kelele nyingi, pombe nyingi. Anatafuta mahali patulivu, penye majirani wema, alee familia yake ugenini kwa amani. Wazee walimsifu. Mchungaji alimtaja kanisani. Naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa!

Mahali penyewe alikuwa ameshapapata. Baba yake mdogo, Saulo, alikuwa mtunza pampu ya maji ya garimoshi kwenye stesheni ndogo porini huko huko Rhodesia, mbali na machimbo. Nyumba mbili, bomba moja, njia moja. Asukile angepata kazi kwenye genge la reli, mshahara ungepungua, lakini angelala nyumba ya pili.

Sasa sikiliza ujanja wake. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonekani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake tu, huingia majanini. Wakikutana ghafla njiani, hujifunika nguo na kugeukia kando mpaka mzee apite. Hali chakula mbele yake, hatamki jina lake, hakai kwenye nyumba aliyomo. Na ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe vilevile. Huko porini, Saulo akiwa anashinda bombani na njiani, Damari angetoka nje saa ngapi? Angezungumza na nani? Asukile hakuhitaji kufuli wala fimbo, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa mke angekuwa anashika adabu za kwao.

"Majirani watakuwa akina nani?" Damari alimwuliza siku walipokuwa wakifunga mizigo.

"Watu wa nyumbani."

"Wanawake wapo?"

"Kutulia ndiko kuzuri, Damari. Utapapenda."

Damari alifurahi kusikia watu wa nyumbani. Akaongeza mbegu za maharage kwenye kikapu, za kugawana na majirani.

Walifika Mbeya mwezi wa Machi, mvua ikiwa imelala juu ya mlima Loleza kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Walifikia kwa Tusajigwe, binti wa mama mkubwa wa Damari, mjane aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja kikubwa, mlango mmoja na moto katikati. Ilibidi wangoje basi la kwenda kusini, na wakati wanangoja, Asukile akasikia kwamba Saulo ameshuka mjini yuko njiani kwenda likizo nyumbani. Mtu mwingine angekwenda kumwamkia huko huko alikofikia. Asukile alimleta kwa Tusajigwe. Alitaka kuona kwa macho yake kama kufuli linafunga.

Lilifunga vizuri sana. Damari alikuwa akigeuza ndizi za kuchoma aliposikia kikohozi uani na mume wake akisema, "Karibu, tata, karibu ndani." Tata kwao ni baba. Aliacha kila kitu, akajitupia kanga kichwani, akatoka akiwa ameinama, akazunguka nyuma ya nyumba. Saulo alikuwa amegeuza uso kwa heshima, hakujua ni nani aliyepita.

Wazee wa pale wanaikumbuka mvua ya siku ile. Ilianza saa ileile na ikawa kubwa. Nyuma ya nyumba paa lilikuwa fupi, na migomba ya Tusajigwe ilikuwa bado michanga. Ndani, Asukile alimkalisha baba yake mdogo karibu na moto, akamtilia chai, akamwulizia habari za pampu. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, moyo wake ulikuwa mweupe. Alijua mke wake alipo, alijua hayuko na mtu, alijua hawezi kuondoka pale. Hata chai aliiona tamu.

Tusajigwe aliingia na kuni, maji yanamchuruzika.

"Shemeji," alisema, "mke wako yuko nje analowa."

"Ni adabu hiyo, shemeji. Mkwe wake yuko ndani."

"Adabu naijua. Nakwambia anatetemeka."

Saulo aliweka kikombe chini. "Mkamwana wangu ndiye yuko nje? Mbona hukuniambia, mwanangu? Ningekaa sokoni, wewe ungenifuata."

"Hapana neno, tata. Lazima azoee. Huko tutakuwa jirani."

"Jirani na nani?"

"Na wewe. Nimeomba ile nyumba ya pili."

Saulo alikuwa mtu wa maneno machache, amezoea kusikiliza mashine. Alionekana anaitembea stesheni yake kichwani, toka nyumba ya kwanza mpaka bombani, toka bombani mpaka nyumba ya pili.

"Maji atachota saa ngapi?" aliuliza.

"Nitachota mimi."

"Na kuni?"

"Mimi."

"Na akitaka kuota jua?"

Asukile alikohoa kidogo. "Tata, yeye ni mtu wa ndani."

"Machimboni wenzako wamekuwekea nyumba. Isakwisa mwenyewe aliniambia, alipita kwangu akashinda pampuni siku nzima akinichekesha. Kwa nini umeikataa?"

Asukile aliposikia jina lile uso ulimbadilika, na hakuwa na pa kuuficha. Mzee alimtazama, akaelewa.

"Wewe," Saulo alisema, na sauti ilimtoka kwa uchungu, "mtoto wa kaka yangu. Umenitafuta mimi niwe mbwa wa mlangoni kwako. Nimebweka tangu nilipoingia humu, na mimi sikujua."

Akasimama. Asukile alimshika mkono, akamwambia mvua kubwa, akamwambia chai haijaisha. Saulo aliutoa mkono wake. Kisha akavua koti lake, akajifunika kichwani na usoni kama mwanamke aliyesikia kikohozi cha mkwe, akauelekea mlango kwa kupapasa.

"Napita!" alipaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Mimi ndiye napita, mama. Sikuoni. Ingia upate moto."

Tusajigwe alimshika kiwiko, akamwongoza mpaka barabarani, mzee wa watu amefunikwa na koti lake katikati ya mchana, na majirani wamesimama milangoni wanatazama. Asukile aliiona aibu ile yote kutoka mlangoni. Hajawahi kuona mkwe akimkimbia mkamwana. Hakuna aliyewahi.

Damari aliingia. Nguo zilikuwa zimemganda mwilini, midomo haina damu. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mianzi na udongo mwembamba, na yote alikuwa ameyasikia. Alichuchumaa motoni akanyoosha mikono.

"Niambie tena," alisema. "Majirani watakuwa akina nani?"

Asukile alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba anampenda, na ilikuwa kweli. Alitaka kusema kwamba anaogopa, na hiyo ilikuwa kweli zaidi.

"Kama ni kule porini, nenda," Damari alisema. "Mimi nitabaki hapa kwa Tusajigwe niuze ndizi. Sitaki kumfanya mzee yule ajifunike tena. Wala sitaki kujifunika kwa ajili yako."

Moto ulitoa moshi. Asukile alisikia kicheko kile cha harusini, akaona nyumba mbili zinazopakana, uzio mfupi, Isakwisa anaegemea na hadithi mpya. Roho ikamwuma vilevile kama jana, haikupungua hata kidogo.

"Basi tutakwenda kwa kina Isakwisa," alisema.

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli. Ila nakwambia mapema, Damari, huko usingizi sitaupata."

Damari alikamua pindo la kanga, maji yakalia majivuni.

"Basi kesha," alisema, akageuka ili mgongo nao upate joto.