Sauti ya Pili Juu ya Lava

Vijana wanaoanza biolojia huniuliza mara nyingi ni nini hasa kinachotakiwa ili mtu amalize lisansi, shahada yetu ya kwanza. Huwaeleza polepole, kwa sababu mimi sikuelezwa. Kwanza kuna masomo yenyewe, kila moja na krediti zake, na ukishindwa moja linakufuata mpaka mwaka unaofuata. Kuna kazi za labo, mle maabarani, ambazo hakuna awezaye kukufanyia. Kuna staji, miezi ya kujifunza kazini. Mwisho unachagua swali lako dogo, unalitafutia jibu kwa mikono yako, unaandika, halafu unasimama mbele ya jopo la walimu kutetea ulichoandika. Msiogope, huwaambia, kila kitu kina njia yake. Lakini kuna sharti moja ambalo nikilifikia sauti yangu hupungua. Katika idara yetu, mimea haihesabiwi na mtu mmoja.

Mnakwenda wawili. Mmoja anapiga magoti kando ya fremu ya mbao iliyolazwa chini, anataja jina la mmea na idadi yake. Mwingine, mwenye kalamu, anarudia kwa sauti alichosikia kabla ya kukiandika. Akikosea, anasahihishwa palepale. Mtu akiwaona kwa mbali atadhani mnasali rozari.

Mwenzangu alitoka Kiwanja, ambako mama yake aliuza maharage sokoni. Tulikaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Swali letu lilikuwa moja: juu ya lava iliyopoa, ni nini kinachoota kwanza, na ni nini kinachofuata? Yeye alichukua lava ya zamani, mimi ile changa, kaskazini ya mji wa chuo chetu. Ningemwandikia, naye angeniandikia. Tulishanunua hata poda, kopo moja kila mtu. Kwetu, mtu akishatetea kazi yake humwagiwa poda nje ya ukumbi mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Hujimwagii mwenyewe. Wanakumwagia wanaokupenda, nasi tulikuwa tumekubaliana kila mmoja atafungua kopo la mwenzake.

Halafu ukaja ule wakati wa vita ambapo watu wengi waliondoka. Familia yake ilipitia mpaka wa Bunagana ikaenda Uganda, naye akaenda nayo. Alinipigia simu akasema ni kwa muda mfupi tu. Baadaye akasema amepata kazi ya kuuza dukani. Hakusema tena habari ya kurudi, nami sikumuuliza. Darasani mabenchi yalikuwa yanabaki wazi, na wachache tuliobaki, kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kumaliza.

Nilikwenda kwa mwalimu aliyenisimamia nikamwuliza kama ndugu yangu angeweza kuja kuniandikia. Akasema hapana, sauti ya pili lazima iijue mimea. Ama ningojee mwaka mwingine, ama nihesabu kila mraba wa fremu mara mbili, siku tofauti, na karatasi ya kwanza nimwachie yeye nisiione mpaka nimalize ya pili. Jopo ndilo lingeamua kama hiyo inatosha. Hakuniahidi kitu.

Basi nikaenda peke yangu. Ningeweza kuhesabu kimya, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Nilitaja jina, kisha nikangoja kidogo, pale ambapo yeye angerudia. Lava haina mti wa kuvunja upepo, na jina ulilolitaja linakwenda tu. Ndipo nikajirudia mwenyewe, nikaandika.

Karibu na hapo kulikuwa na mama aliyeponda mawe ya kuuza kwa wajenzi. Siku kadhaa alinitazama huku akiponda. Mwishowe akaniita.

"Mutoto yangu, uko naongea na nani?"

"Niko naita majani, mama."

"Na yanaitika?"

"Hapana. Niko najiitikia mwenyewe."

Akagonga jiwe, akagonga tena. "Basi kuja ukule. Mutu wa kujiitikia anachoka mara mbili."

Alinipa kipande cha kolokasia, gimbi la kuchemsha. Tulikula tukitazama kaskazini, upande wa Kibumba. Wiki iliyofuata rundo lake la mawe lilikuwa limeuzwa, na yeye sikumwona tena.

Siku ya kutetea, viti vingi vya ukumbi vilikuwa vitupu. Mmoja wa walimu aliweka karatasi zangu mbili kando kwa kando, ya siku ya kwanza na ya siku ya pili, akazisoma kwa muda mrefu. Miraba mingine haikulingana. Mimea ya kangaga niliyoiona siku moja, siku nyingine sikuiona yote. Akaniuliza kwa nini sikusahihisha.

"Sikuwa na mtu wa kuniambia ni siku gani niliona vizuri," nikajibu. "Kwa hiyo nimeziandika zote mbili."

Wakanitoa nje. Nilisimama koridoni nikiangalia viatu vyangu, ambavyo lava ilikuwa imevila soli. Waliponiita tena, mwalimu yule alisema tu kwamba kazi imekubaliwa, na kwamba tofauti zile zibaki kama zilivyo.

Mama wa sekretarieti alinifuata mpaka mlangoni. Akauliza poda iko wapi, au nitarudi nyumbani hivi hivi kama mutu anatoka kwa daktari. Kopo lilikuwa ndani ya mfuko wangu. Nikamwambia lina mwenyewe wa kulifungua, naye akanishika bega.

Jioni nilimtumia mwenzangu ujumbe wa sauti. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilisema kama tulivyozoea, kwa sauti ya kazi: "Lisansi, moja."

Mtandao ulikuwa mbaya. Jibu lilifika kesho yake, na nyuma yake nilisikia wateja wakiulizia sukari.

"Lisansi, moja," alisema. "Nimeandika."

Kopo liko juu ya kabati, bado limefungwa. Lake alilichukua alipoondoka.