Waya wa Kitufe cha Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi alibonyeza kitufe chekundu, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Waya wa kile kitufe ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa meza. Najua, kwa sababu niliufunga mimi mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, nikaufunika kwa kitambaa cha satini.

Haya yalitokea hapahapa Songea. Wengi wa waliopiga makofi mpaka leo wanaamini kitufe kile kilifanya kazi. Ngoja niwasimulie.

Naitwa Monika. Niko kitengo cha kompyuta kwenye kampuni moja inayonunua mahindi na ufuta. Jina la kampuni naliacha, bado nakula pale.

Mimi si mwongeaji. Kwenye vikao nakaa karibu na mlango, na nikiulizwa swali natazama kwanza viatu vyangu. Chuoni walinifundisha kompyuta. Namna ya kumkatalia bosi hawakunifundisha.

Bosi wangu anaitwa Wilfred, Meneja wa Mageuzi ya Kidijitali. Cheo alikichagua mwenyewe. Sijawahi kumwona akiweka programu hata moja kwenye kompyuta, lakini akisimama kuhutubia kuhusu programu unaweza kutoa machozi.

Sasa, kwetu kompyuta zote zimefungwa. Karani hawezi kujiwekea kitu, awe Msamala hapa mjini, awe Lusewa kule Namtumbo. Zamani waliweza, mpaka mtu mmoja alipochomeka flashi yenye video ya kipaimara cha mwanaye, ofisi nzima ikaugua virusi.

Tangu hapo programu zinatoka kwangu tu. Naipandisha kwenye seva, nachagua kundi la kompyuta, naandika siku na saa. Kila kompyuta inapiga hodi kwenye seva, inauliza kuna jipya, inachukua, inajiwekea yenyewe. Karani anashtukia mgeni yuko sebuleni.

Programu iliyozinduliwa siku hiyo tuliitengeneza humuhumu ndani, tukaiita Mizani. Gunia linapanda kwenye mzani, uzito unaingia wenyewe, risiti inatoka, mkulima anaondoka.

Kabla ya hapo Lusewa walikuwa wanaandika kwa mkono. Karatasi zinaletwa mjini kwa pikipiki kugongwa muhuri, kisha zinarudishwa. Muda wote huo watu wanalala juu ya magunia yao.

Mama Kunegunda, karani wa Lusewa, alikuwa haachi kunipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo Mizani yenu iko wapi? Hapa kuna bibi analalia gunia lake, anakohoa usiku kucha. Nimempa kanga yangu."

"Iko tayari mama."

"Iko tayari halafu haiji? Kwani imekosa nauli?"

Nauli ilikuwepo. Ilikuwa inasubiri uzinduzi.

Nilijikaza nikamfuata bosi. Nikamwomba tuitume kwanza Lusewa, kompyuta moja tu, tuone kama ina kasoro. Kazi hii ndivyo inavyofanywa, unaonja kabla ya kupakulia watu.

"Monika," akasema, polepole kama anayemfundisha mtoto kunawa. "Kitu kilichopo hakizinduliwi. Mgeni rasmi azindue nini, makombo?"

"Lakini bosi, wakulima..."

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na anayesaini ni nani?"

Nikatazama viatu.

"Basi. Programu ikionekana kwenye kompyuta yoyote kabla mgeni rasmi hajabonyeza, usije kwangu na kalamu."

Nyumbani kwetu Ruhuwiko anayefanya kazi ni mimi peke yangu. Mama anaumwa miguu, wadogo zangu wanasoma. Nikasema sawa bosi.

Kitufe alikiagiza kwa fundi seremala. Kisanduku cha mninga kilichopigwa vanishi, juu yake kitufe chekundu kikubwa kama kisosi. Kikaletwa kimefungwa gazeti, kama keki.

"Kinaungana na nini, bosi?"

"Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Kiunganishe."

Nikamweleza kwamba kompyuta ya Lusewa haiwezi kusikia kisanduku cha mninga kilichoko Songea. Kwamba programu inapangiwa saa, na saa ikifika inaingia yenyewe.

Bosi akafikiri. Akachukua ratiba ya sherehe, akaweka kidole.

"Hapa. Saa nne kamili mgeni rasmi anabonyeza. Weka saa nne kamili. Yeye anabonyeza, yenyewe inaingia. Nani atajua?"

Hapo ndipo tulipopotea, mimi na bosi, msomi mwenzangu. Tuliamini ratiba.

Wewe unayesoma umeshacheka. Ni uzinduzi gani uliwahi kuanza saa iliyoandikwa?

Nikaweka saa nne, kompyuta zote. Nikawatumia wafanyakazi wote ujumbe: saa nne kompyuta zitajizima na kuwaka upya, hifadhini kazi zenu. Wote walihifadhi. Bosi hakuhifadhi, kwa sababu huwa hasomi ujumbe wa watu wasio na cheo.

Siku ikafika. Viti vimevalishwa vitambaa. Kwaya imekaa. Tisheti zimegawiwa, zina picha ya mzani, na chini yake jina la bosi kwa herufi kubwa kuliko mzani.

Saa nne ilipokaribia, mshereheshaji akatangaza kwamba mheshimiwa yuko njiani.

Wote tunajua maana yake. Mheshimiwa anatafuta mkanda wa suruali.

Bosi alikuwa kiti cha mbele, anamalizia kuandika hotuba yake kwenye kompyuta.

Saa nne.

Kompyuta zote zikazima. Ya bosi ikazima. Zikawaka. Kwenye skrini kubwa ya ukumbini ukatokea mzani, na maneno "Karibu Mizani". Kwaya, kwa adabu tu, wakapiga makofi.

Hotuba ya bosi ilikuwa imekwenda kusikojulikana.

Simu yangu ikaita.

"Mwanangu, imekuja." Ni Mama Kunegunda, nyuma yake kelele za watu na vyuma vya mzani. "Imekuja yenyewe kama mvua. Tumeanza na yule bibi. Ameondoka na risiti yake, na kanga yangu kaenda nayo."

Kabla sijajibu, bosi alinishika mkono akaniingiza stoo.

"Itoe."

"Hii ya ukumbini?"

"Zote. Kila mahali. Mheshimiwa akute kweupe."

"Bosi, Lusewa wanapima sasa hivi. Nikiitoa, mpaka ije iwaingie tena..."

"Wamelala huko siku zote hizo, leo ndiyo watashindwa kusubiri hotuba?"

Akatoka, akaniacha na kompyuta.

Nikafungua ukurasa wa usimamizi. Kundi la Lusewa lile pale. Pembeni neno moja: Ondoa. Kubofya mara moja tu, na mkataba wangu uko salama.

Nikamfikiria mama na miguu yake. Nikafikiria ada za wadogo zangu. Halafu, sijui kwa nini, nikaisikia tena ile sauti ya vyuma vya mzani, na watu wanacheka. Lusewa sikuwahi kuwasikia wakicheka.

Nikaufunga ukurasa. Sikugusa kitu.

Nikaenda kwenye kompyuta ya ukumbini, nikaificha Mizani, nikaweka picha ya shamba la mahindi.

Bosi akachungulia. "Imeondoka?"

"Hapa haionekani, bosi."

Sikusema uongo.

Ndipo nikakumbuka kwamba baada ya kubonyeza, bosi amepanga Lusewa waonekane mubashara kwenye skrini. Ilikuwa fahari yake kubwa. Nikampigia Mama Kunegunda.

"Mama, nakuomba. Mkianza kuonekana, jifanye programu ndiyo kwanza imefika. Ushangae kidogo."

"Nishangae?"

"Kidogo tu, mama."

"Mwanangu, mimi ni kiongozi wa jumuiya kanisani. Unataka nikaigize mbele ya wakubwa, halafu Jumapili nisimame kusoma somo?"

Akakata. Nikajua kimenuka.

Mheshimiwa alifika wali umeshapashwa moto mara ya pili. Bosi akahutubia bila karatasi. Alisema mageuzi, akasema tena mageuzi, akarudia mageuzi, mpaka mheshimiwa akatazama saa yake, yeye aliyechelewa.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mkononi nina mausi isiyo na waya. Kitufe chenye kazi ndicho hicho.

"Tatu, mbili, moja," mshereheshaji akaimba.

Mheshimiwa akabonyeza. Mimi nikabofya. Mizani ikatokea. Vigelegele, kwaya juu, bosi kavimba kama andazi.

"Na sasa, mubashara, Lusewa."

Skrini ikamwonyesha Mama Kunegunda, kitenge kimepigwa pasi. Nyuma yake kiwanja kitupu, kimeshafagiliwa. Mzee mmoja wa kofia anafunga magunia matupu kwenye baiskeli.

"Ndugu zangu wa Lusewa," mheshimiwa akasema, "programu imewaingia sasa hivi. Mbona wakulima siwaoni?"

"Wameenda nyumbani, mheshimiwa," akajibu Mama Kunegunda.

"Kwa nini wasisubiri huduma mpya?"

Yule mzee akaacha baiskeli, akasogeza uso mpaka ukajaa skrini. "Naitwa Alfani, mheshimiwa. Alhamdulillahi, tumeshapimiwa wote tangu asubuhi. Mimi nilibaki nisikilize hotuba, ila nikaona inachelewa."

Kwaya wakatazamana.

Bosi akageuka kutazama pazia. Kwenye upenyo macho yetu yakakutana, nikauona mkataba wangu unachanwa vipande.

Mheshimiwa akasogea mezani. Aliinua kitambaa cha satini, akaushika ule waya, akaufuata kwa vidole taratibu mpaka mguuni pa meza. Akalitazama fundo langu. Akarudisha kitambaa vizuri, akachukua kipaza sauti.

"Nimezindua visima," akasema. "Nimezindua madarasa na mashine za alizeti. Nimekata utepe mpaka nikachoka. Hiki ni kitu cha kwanza nimekikuta kinafanya kazi kabla sijakigusa. Nani aliyefanya hivi?"

Ilikuwa nafasi yangu. Pazia tu lilinitenga nayo.

Nikatazama viatu.

Nilipoinua kichwa, bosi alikuwa ameshasimama.

"Ni maelekezo yangu, mheshimiwa. Nilimwambia binti wangu wa kompyuta, wakulima kwanza."

Makofi yale yalizidi ya kitufe. Bosi akapewa ngao, akacheza na kwaya.

Jumatatu akaniita. Nilikwenda nimeshafunga kikombe changu kwenye mfuko.

Mkataba ulikuwa mezani, umesainiwa.

"Wewe ni mtulivu," akasema, bila kunitazama. "Napenda watu watulivu."

Tulielewana vizuri alichokuwa ananunua. Nami nikauza, kwa sababu nyumbani wanakula.

Sasa hivi bosi anaitwa mikoani kufundisha mameneja wenzake. Somo linaitwa Wakulima Kwanza. Anabeba ngao.

Kitufe kiliwekwa mapokezi, kiwe kumbukumbu. Mtandao ukisuasua, Suzana wa mapokezi anakibonyeza, na anaapa kinasaidia. Wengine wakafuata. Juzi nimemkuta bosi mwenyewe, printa imemgomea, kasimama pale anabonyeza na kubonyeza.

Akaniona. "Kinasaidia," akasema.

Basi ninachowaambia ni hiki. Mkialikwa kwenye uzinduzi, pigeni makofi, kuleni wali wa watu. Ila kabla ya kuondoka inueni kitambaa, mfuate waya. Ukiishia mguuni pa meza, jueni nyuma ya pazia kuna mtu anatazama viatu vyake. Mwiteni kwa jina, maana peke yake hatatoka.

Na wewe uliyeko nyuma ya pazia, kama huwezi kusema hapana, sema sawa bosi, kisha usiguse kitu.

Tuna programu nyingine mpya, ya kupanga foleni za magari ya mizigo. Lusewa wanaitumia tangu wiki iliyopita.

Bosi bado anachagua rangi ya kitambaa.