Nilichora Vyumba vya Chini kwa Ajili ya Mama, Kaka Akavigeuza Fremu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana Makambako tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, naishi Njombe mjini na mume wangu na watoto. Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa Makambako. Baba alishafariki.

Mama ana kiwanja Kitandililo, huko huko Makambako, pembeni ya barabara. Nyonga zilipoanza kumsumbua, kaka alikuja na wazo nikalipenda kwa moyo wote: tubomoe nyumba ya zamani, tujenge ghorofa la kodi nafuu kwa wazee wanaoishi peke yao, na mama awe mmoja wao. Mama alitoa sharti moja. "Mimi nikae chini, mlango utazame barabarani, wapitao wanisalimie kamwene."

Nilichora bila malipo. Chini kote niliweka wazee: milango mipana, mteremko badala ya ngazi, vyuma vya kushikilia chooni, madirisha ya kupokea jua la asubuhi kwa hii baridi yetu. Juu wangekaa wapangaji wa kawaida. Siku moja nilimwaga majivu pale kiwanjani kuonyesha kuta zitakapopita. Mama na rafiki yake, mjane aliyetoka Matamba ambaye naye angepata chumba, wakaingia na fimbo zao, wakawa wanabishana kitanda kikae wapi, wanacheka kama wasichana.

Ujenzi ukiwa katikati nilijifungua kwa upasuaji, nikakaa muda mrefu bila kufika. Nilipofika nilikuta chini kote ni fremu za maduka. Wazee wamepangiwa ghorofa ya pili, kupanda ni kwa ngazi tu.

Nilimuuliza kaka. Akanijibu huku anaangalia simu, "Mdogo wangu, pale barabarani ni biashara. Wazee wanashuka mara ngapi kwa siku? Halafu mama amekubali, muulize."

Nikamuuliza mama. Aliangalia mikono yake. "Ameniambia ameshajenga. Ningesema nini?"

Yule mjane alizitazama zile ngazi, akageuka na mzigo wake, akarudi Matamba kwa wakwe wasiomtaka. Mama alihamia huko juu. Jumapili ya kwanza wapangaji wawili walimshusha akiwa amekaa kwenye kiti ili aende kanisani, watu wa saluni ya pale chini wakasimama kutazama. Aliporudi akasema, "Sijawa maiti mpaka nibebwe." Hajashuka tena hadi leo.

Jengo lile silo ambalo halmashauri iliidhinisha, na ramani ina jina langu. Mume wangu anasema nikaripoti. Nilipomgusia mama, alinikazia macho. "Ukimpeleka kaka yako serikalini, usije kunizika." Nimemwomba aje tukae naye Njombe, amekataa. Anasema akitoka tu, hata hicho chumba kitapangishwa, na kiwanja ni chake.

Sasa kaka anaandaa uzinduzi. Amealika mchungaji na wakubwa wa mtaa. Jana alinipigia kwa furaha kabisa: "Uje umevaa vizuri. Nataka usimame watu wakuone, niwaambie nyumba hii ya wazee imechorwa na mdogo wangu."

Ndugu zangu, nishaurini. Nikiripoti nampoteza mama, nikinyamaza anazeekea juu ya kiwanja chake kama mfungwa. Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Na siku hiyo nikiitwa mbele, nisimame?