Nilimvalisha Mwenzake Kifaa Chake, Leo Mkewe Ndiye Anaitwa Mchawi

Naombeni jina langu lisionekane, na wanaonijua wakinitambua, basi. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Geita mjini, nafanya kazi kwenye timu moja ya mpira. Nashughulika na vile vifaa vidogo wachezaji wanavyovaa mgongoni ndani ya vesti. Kila kimoja kimesajiliwa kwa jina la mchezaji wake, kinapokea mawimbi ya setilaiti, na mazoezi yakiisha nafungua kompyuta naona nani kakimbia mita ngapi na kwa kasi gani. Wachezaji walikuwa wananitania eti mimi ndiye mmbea wa kocha.

Nilikuwa na rafiki kwenye timu, nimwite Masanja, winga, mzaliwa wa Kishapu. Msimu huu namba zake zikaanza kushuka. Akikimbia kidogo tu anashika magoti, anahema. Utaratibu wetu ni kwamba namba zikishuka wiki mbili mfululizo, mchezaji anapelekwa kupimwa. Wiki ya kwanza ikapita. Masanja akaniomba nimfichie ya pili, maana mkataba ulikuwa unaisha, mkewe mjamzito, na akionekana mgonjwa ndiyo basi tena. "Ni uchovu tu, kaka. Nisitiri wiki hii moja."

Nikamsitiri. Kifaa chake nikamvalisha mchezaji wa akiba mwenye pumzi za ajabu, cha yule nikampa yeye. Wiki hiyo jina la Masanja likaongoza timu nzima. Kocha akafurahi, akampanga. Dakika ya ishirini akaanguka peke yake, hajaguswa na mtu. Tulimfikisha hospitali ameshakata roho. Daktari akasema moyo ulikuwa unaumwa muda mrefu.

Msibani Kishapu, kocha kwa nia njema akawasomea ndugu ripoti yangu, kwamba kijana wao wiki ya mwisho alikimbia kuliko wote. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Ndugu wakaanza: moyo gani unaoumwa, na mtu anakimbia hivyo? Hapa kuna mkono wa mtu. Mama mzazi akamnyooshea kidole mkamwana wake. Matanga yalipoanuliwa wakamrudisha kwao Runzewe na tumbo la miezi minane, na mtoto wanasema hawamtambui.

Nilikuwepo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mwoga mkubwa mimi.

Juzi shemeji kanipigia. Hakulia hata kidogo. Aliniuliza, "Shemeji, wewe ndiye ulikuwa unamwona kila siku kwenye hiyo mitambo yako. Nilimfanya nini mume wangu?" Nikamjibu sijui, nikakata simu.

Nikisema ukweli, kazi imekwenda, pengine na polisi nitafika. Hilo nitalibeba. Kinachonitisha ni mama yake Masanja kujua kwamba mwanawe angepimwa, na aliyemzuia ni mimi niliyekula ugali nyumbani kwake. Nikinyamaza, mtoto anazaliwa mwezi ujao hana ukoo, na mama yake anaitwa mchawi.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na nikifika kwa yule mama, nikishamwamkia shikamoo akaitikia, neno linalofuata naanza na lipi?