Plagi za Kombora

Mtaani walimwita Kombora, na jina hilo alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, kazi ya kukaa kutwa nzima, lakini hapo kwenye cherehani mazungumzo yake yote yalikuwa ya mwendo. Alikuwa na gari dogo jekundu lenye injini ya tabo, ile inayosukumiwa hewa ili iongeze nguvu, lililoshushwa chini hadi likakwaruza kila tuta. Hakuna mteja aliyeingia kuulizia pazia la sebuleni akatoka bila kusimuliwa jinsi gari hilo lilivyowaacha wenzake wakila vumbi.

Ambalo wateja hawakuambiwa, na ambalo mkewe alilijua na kulifungia kinywa, ni kwamba Kombora aliogopa mwendo. Akishika usukani viganja vilimtoka jasho. Malori ya mchanga yalimpita yakimpigia honi, naye akayapisha kwa heshima zote.

Siku moja gari likaanza kukohoa. Asubuhi liligoma kuwaka, na likiwaka lilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Akalikokota hadi kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Huyo alitengeneza magari ya mashindano, na wenye haraka zao walimjua.

Shemeji akafungua plagi zote, vile vyuma vya kurusha cheche ndani ya injini, akazilaza juu ya kitambaa cheupe. Zilikuwa nyeusi tii, zimevikwa masizi makavu kama tako la sufuria ya kuni.

"Shemeji, plagi hizi ulichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe! Za mashindano hizo. Ndizo wanazofunga wakimbiaji."

"Basi ndilo tatizo. Hizi ni plagi baridi. Zinapoza ncha upesi, kwa ajili ya mtu anayekanyaga mafuta mpaka injini inachemka. Ukienda polepole, ncha haipati joto la kuunguza masizi, yanajazana hapo mpaka cheche inakosa pa kurukia." Akamtazama usoni. "Kwani wewe unaendeshaje?"

"Si unajua foleni za mjini."

"Na usiku foleni inalala wapi?"

Kombora akajifanya hamnazo, akaanza kukagua tairi. Shemeji akacheka, kisha akamsitiri. Akamfungia plagi moto, zile zinazotunza joto kwenye ncha, zinazowafaa watu wa taratibu.

"Ila nakuonya," alisema. "Ukiwa na hizi usilikimbize. Tabo ikijaza hewa, ncha inawaka kama kaa, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinayeyuka. Na dada mwambie."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kumwambia mkewe kuhusu plagi hizo kungekuwa kumweleza ni za watu gani, na Kombora hakuona sababu ya kujivua nguo kwa ajili ya vyuma vidogo hivyo. Isitoshe, mkewe alikuwa na leseni lakini gari hilo hakuwahi kuruhusiwa hata kuligeuza uani.

Siku moja yeye na mkewe wakaenda kumjulia hali mama mkwe. Huko Kombora alikula akapitiliza, na walipokuwa wakirudi tumbo likamgeuka. Akasimamisha gari kando ya barabara kuu, akatapika, akarudi amelegea kama kitambaa kilicholoweshwa.

"Sogea," mkewe akasema. "Naendesha mimi."

Hakuwa na nguvu za kubisha. Mkewe akarekebisha kiti na kioo, akaingiza gia. Mbele yao lilikuwepo lori la magogo. Akakanyaga mafuta ili alipite, na hapo tabo ikaamka. Gari likaruka, lori likabaki nyuma, na barabara ikafunguka nyeupe mbele yao. Mkewe, aliyekuwa amekaa miaka kwenye kiti cha abiria akitazama malori yakiwapita, akacheka kwa sauti, akaongeza.

"Taratibu, mke wangu," Kombora akanong'ona, roho mkononi.

"Kumbe ndivyo linavyokwenda! Na wewe ulikuwa unanificha?"

Neno la plagi lilimfika kwenye ulimi. Akaliangalia tabasamu la mkewe, akalifikiria neno lenyewe, akalimeza. Walipofika kwenye mlima mrefu injini ikaanza kugonga kama misumari ndani ya kopo, moshi ukatanda nyuma, na gari likanyamaza. Nyumbani walirudi wamevutwa.

Kesho yake shemeji akachomoa plagi ya kwanza akaiinua juu. Kauri yake ilikuwa nyeupe yenye malengelenge, ncha imeyeyuka, na vipande vidogo vya pistoni vimeganda juu yake vikimetameta. Mafundi wakaacha spana wakaja kuona.

"Hii imekimbizwa kwelikweli," mmoja akasema. "Mzee Kombora, kumbe si domo tupu!"

Wakampa mkono. Injini yake ilikuwa imekufa, lakini Kombora alihisi kifua kikimpanuka. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi. Alishukuru kwa unyenyekevu, akaanza hata kueleza jinsi kona ile ilivyokuwa kali. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani.

Shemeji akawasikiliza wote, akafuta mikono. "Injini naijenga upya. Lakini plagi huchaguliwa kwa dereva. Nikikosea, ama masizi yanarudi, ama pistoni zinakufa tena. Kwa hiyo niambie, shemeji. Nifunge za nani?"

Kombora akawatazama mafundi waliotoka kumpa mkono sasa hivi, akamtazama mkewe, akaitazama ile plagi iliyoungua. Akajikuna kisogo.

"Funga baridi."

"Una hakika? Wewe nakujua."

"Nina hakika." Akashusha sauti, ingawa wote walisikia. "Ila ufunguo mpe dada yako."

Mafundi wakacheka hadi mmoja akaketi chini. Mkewe hakucheka. Alikuja akampangusa grisi iliyomganda kwenye shati, polepole, kama anayefuta vumbi kwenye kitu cha thamani.

Gari lilipopona, walitoka kulijaribu wakiwa wawili. Mkewe akawasha, injini ikanguruma safi bila kukohoa. Kombora akafunga mkanda, akauvuta kuhakikisha, akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Uko tayari, Kombora?"

"Ngoja kwanza nifumbe macho."