Kaburi Lisilopaliliwa

Mimi ndiye niliyemshawishi mama awaruhusu wachimbaji wa moramu, ule udongo wa kushindilia barabara, waingie kwenye malisho yake, nyuma ya nyumba, pale Isansa, Mbozi. Barabara ilikuwa inajengwa, na mimi, kwa kuwa nafanya kazi kwa wakala wa forodha Tunduma, nilijiona bingwa wa mikataba. Mama aliuliza swali moja tu: "Majani yangu watayarudisha?" Mkataba ulisema eneo litasawazishwa. Nikamjibu ndiyo.

Walisawazisha kweli. Mtambo wa kijiko ukapita, tipa zikaondoka, tukabaki na uwanja mwekundu, mgumu kama sakafu. Mvua iliponyesha, maji yalikimbia juu yake bila kuzama. Mama akauza ng'ombe wawili, akabaki na mmoja, ambaye alimkatia majani kando ya barabara na kurudi na furushi kichwani, katika umri wa kupumzika. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Nilinunua dukani mbegu za majani ya kisasa. Zikaota, zikapendeza, kiangazi kikazimaliza. Afisa mifugo wa kata akanishauri nipande majani ya hapa hapa, yaliyouzoea udongo huu. Mbegu zake haziuzwi, akasema, nitafute mahali pasipolimwa wala kuchungwa. Nilimwona kama mtu asiyeijua Mbozi. Kwetu kila penye udongo pana kahawa au mahindi, na panapobaki pana mbuzi.

"Makaburini," mama akasema.

Tulikwenda mwezi wa pili. Kaburi la baba liko pembeni kabisa, na juu yake yalikuwa yamesimama majani yale yale ya malishoni. Mama aliyataja moja moja kwa Kinyiha, akiyagusa. Mbegu zingekomaa mwezi wa tano. Tatizo lilikuwa Pasaka.

Kwetu, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, kila familia hupalilia makaburi yake mpaka udongo uonekane wote, kwa sababu alfajiri ya Jumapili kanisa zima husali pale. Kaburi lenye majani ni tangazo kwamba watoto wamemtupa mzazi wao. Tulikubaliana na mama kuliacha la baba kama lilivyo. Kueleza watu, hiyo ilikuwa kazi yangu, na mimi nikaona aibu. Nikasingizia foleni ya malori, Jumamosi hiyo nikabaki Tunduma.

Alfajiri nilipofika, kaburi la baba lilikuwa safi kuliko yote. Akina mama wa kanisani walikuwa wametusitiri.

"Pole, mwanetu, tuliona mmebanwa na kazi," mmoja akaninong'oneza, akinishika mkono. "Tumelilima vizuri kabisa."

Nilitaka kupiga kelele. Nikasema asante mama, kisha nikalia, nao wakadhani namlilia baba. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilifoka: watu gani hawa, hawawezi kuona jani likapumua! Mama alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Uliwaambia?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Sasa wamekosa nini?"

Mvua zilizofuata, mizizi iliyoponyoka majembe ilichipua tena. Wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka uliofuata, wakati wa matangazo, mama akasimama kanisani, yeye ambaye huomba hata maji kwa sauti ya chini.

"Kaburi la mume wangu naomba msiliguse," akasema. "Watoto hawajamtupa. Malisho yangu yalichimbwa, na aliyebaki na majani ni yeye. Nataka mbegu."

Mtu akacheka huko nyuma. Mama akamsubiri amalize, kisha akaketi.

Jumapili ya Pasaka makaburi yote yalikuwa mekundu, isipokuwa moja lililoota majani mpaka magotini. Watu walilitazama, wakatutazama na sisi. Uso uliniwaka. Mama aliimba beti zote.

Mwezi wa tano tulikusanya mbegu kwa mikono, tukazianika kwenye ungo. Kabla ya mvua tukauvunja ule uwanja kwa sululu, tukachimba vijishimo vya kushika maji, tukatia samadi na mbegu, tukazungushia miiba kuzuia mbuzi. Wale wale akina mama walikuja kusaidia, na kila aliyetaka kung'oa jani aliuliza kwanza.

Hayakuota kila mahali. Lakini mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mama alimfungulia ng'ombe wake aingie. Ng'ombe akanusa, akainamisha kichwa, akaanza kula. Nilimtazama mama nikitegemea atashangilia. Yeye alikuwa anatazama kona ya juu, ambako bado pako wazi.

"Mimi nikifa," akasema, "Pasaka mbili za mwanzo msinipalilie. Kona ile itahitaji mbegu."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo. Nikaitazama ile kona, nyekundu vile vile kama nilivyosababisha iwe.

"Sawa, mama," nikasema. "Safari hii nitawaambia watu."